Aliye Nayo Ndiye Mwenye Njia

Mdogo wangu aliniwekea kile kitu mikononi bila kunionya, na vidole vyangu vilikijua kabla ya macho. Kilikuwa kisahani cha shaba, kizito kuliko ukubwa wake, baridi katikati na vuguvugu pembeni pale watu walipokuwa wamekishika. Nikakisogeza puani, kama mtu anavyonusa maziwa kabla ya kuyaweka jikoni. Harufu ilikuwa ile ile, ya shaba, ngozi kuukuu na mafuta mazito ya mashine. Nimevuka miaka sabini, nimekuwa mtumishi wa usharika tangu ujana mpaka kustaafu, na nilikuwa nimesimama mchana kweupe katika banda la zamani la mizigo karibu na bandari ya Tanga, kati ya watu wenye furaha. Hata hivyo niliogopa kama mtoto anayesikia hatua za baba yake zikikaribia mlango.

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Mdogo wangu, Elirehema, anapenda reli kama wengine wanavyopenda mpira. Tangu astaafu ukarani hana habari nyingine. Yeye na wenzake, wapenzi wa historia ya reli, hukutana kila wanapoweza: wastaafu wa reli, wanafunzi wa chuo, wageni wawili watatu wenye kamera, na wajane wanaokuja na kofia za waume zao ndani ya mifuko ya plastiki. Huleta taa za zamani, tiketi, filimbi na bendera, wakavipanga mezani na kusimuliana mpaka chai ipoe. Safari hii alikuja mwenyewe nyumbani kwangu Kijenge, Arusha, kunibembeleza.

"Dada, ni wewe peke yako uliyebaki uliyeiona siku ile. Njoo uwaambie jinsi treni ilivyonisubiri."

Hivyo ndivyo anavyokiita kisa hicho. Kwamba siku aliyokuwa anakuja duniani, treni nzima ya abiria ilisimama stesheni kumsubiri yeye. Amekisimulia harusini, amekisimulia kwenye ubatizo wa wajukuu, amekisimulia siku ya kuagwa kazini. Na kila anapokisimulia mimi huinama nikaiweka sawa kanga yangu, ambayo tayari iko sawa.

Nilikubali kwenda kwa sababu nimefika umri wa kufungua mizigo yangu mwenyewe kabla sijaitwa. Mingi nimeifungua mbele za Mungu na mbele za watu, na ninamshukuru kwa uvumilivu wake. Mmoja ulikuwa umebaki.

Stesheni yetu ilikuwa ndogo, chini ya Kikatiti, mahali ambapo asubuhi mlima Meru ulionekana wote mpaka kileleni, na ikifika saa nne mawingu yanaufunika. Palikuwa na kota tatu za reli, tangi la maji juu ya miguu ya chuma, na ofisi yenye dirisha moja. Baba alikuwa stesheni masta. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na Jumapili ndiye aliyepeleka sadaka madhabahuni. Katika akili yangu ya miaka saba, ofisi ile na madhabahu ile vilikuwa kitu kimoja. Kote kuwili baba alivaa vizuri, kote kuwili alinawa mikono kwanza, na kote kuwili mimi nilitakiwa nisimame mlangoni.

Ndani ya ofisi palikuwa na mashine yenye kengele na mpini wa shaba. Humo ndimo zilimokaa tokeni. Kwa vijana wasiojua, reli yetu ilikuwa njia moja tu. Treni mbili zikikutana katikati, hakuna pa kupishana. Kwa hiyo kila kipande cha njia, kutoka stesheni moja hadi ya pili, kilikuwa na tokeni zake, visahani vya shaba vyenye majina ya stesheni hizo mbili. Masta wa huku na masta wa kule walipigiana kengele, wakakubaliana, na mashine ikatoa tokeni moja. Ikishatoka hiyo, mashine haitoi nyingine, hata uipige na nyundo, mpaka ile ya kwanza irudishwe kwenye mashine ya huku au ya kule. Dereva asiye na tokeni haondoki.

Baba aliitia tokeni katika mfuko wa ngozi wenye pete kubwa ya kushikia, akaenda kumkabidhi dereva. Na dereva hakuupokea tu. Alifungua mfuko, akatoa tokeni, akasoma kwa sauti jina la kwanza na jina la pili, halafu akasema, "Sawa, Masta. Njia nyeupe." Hapo ndipo baba aliponyanyua bendera ya kijani. Nililisikia hilo kila siku na sikuchoka nalo. Lilikuwa kama kuitikia kanisani.

Siku moja nilimwuliza baba, "Na dereva akiwa na haraka?"

"Hata akiwa na haraka."

"Na akiwa mfalme?"

"Hata mfalme. Aliye nayo ndiye mwenye njia. Asiye nayo ni abiria tu." Kisha akanitazama kwa macho ambayo hakuyatumia nyumbani. "Na wewe usije ukaigusa. Ukiichezea hii watu watakufa, na damu yao itadaiwa kwa aliyeigusa."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilipopita dirisha la ofisi niliweka mikono nyuma, mashine isije ikanidhania vibaya.

Sasa nieleze habari ya mama yake Ndeshi. Ndeshi alikuwa rafiki yangu wa kota ya pili, binti wa Mzee Sifueli, aliyekuwa akibadilisha njia za treni. Mama yake aliugua. Siku moja walimlaza kwenye machela, wakamfunika shuka jeupe, wakampandisha treni ya kwenda Moshi. Mimi na Ndeshi tulimpungia mikono. Siku chache baadaye treni ilimrudisha katika sanduku, ndani ya behewa la mizigo, katikati ya magunia ya kahawa. Hakuna mtu mzima aliyetueleza lolote. Nikajieleza mwenyewe. Niliona kwamba anayepanda treni akiwa ameketi hurudi ameketi, na anayepandishwa akiwa amelala hurudi kwenye sanduku. Nilimwambia Ndeshi, naye akakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Ndipo ikaja ile siku. Masika yalikuwa yamepamba moto. Barabara ilikuwa tope tupu, na gari lililotumwa kutoka Arusha lilikuwa limekwama mtoni tangu jana yake. Mama alikuwa amelala chumbani, akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Ilikuwa kama sauti ya ng'ombe aliyenasa. Mama mdogo Anna, mdogo wake mama, aliyekuwa mkunga, alitoka akiwa na jasho puani akamwambia baba, "Shemeji, mtoto amelala vibaya. Mimi nimefika mwisho. Apelekwe Moshi kwa treni ya saa tisa."

Baba akaenda ofisini. Nikasikia kengele ya kwetu, nikasikia na ile ya kule ikijibu. Akatoa tokeni mapema kuliko desturi yake, akaitia mfukoni, akautundika mfuko kwenye msumari karibu na mlango, akarudi mbio nyumbani kusaidia kubeba. Nikawaona wakiingia na machela. Nikaliona shuka jeupe.

Sikumbuki kwamba niliamua. Nakumbuka msumari ulikuwa juu, nikapanda kigoda cha baba. Nakumbuka kifungo cha mfuko kilikuwa kigumu. Nilijua kwamba nikichukua mfuko wataona haraka, kwa hiyo nilitoa tokeni na kuuacha mfuko unaning'inia. Nikaibana kwapani chini ya gauni. Ilikuwa baridi kama chura.

Tulikuwa na kuku mwekundu, mkali, aliyekuwa akilalia mayai kwenye banda nyuma ya kota. Hakuna aliyethubutu kumgusa, hata paka. Niliingiza mkono chini yake naye akanidonoa mpaka damu ikatoka, nikaisukuma tokeni katikati ya mayai, nikatoka. Nikawaza kwamba sasa treni itafika na haitaondoka, na mama atashushwa, atarudishwa kitandani, atapona.

Treni ilifika saa tisa kasoro. Kichwa cha treni kilikuwa kikipumua mvuke kama mnyama aliyepanda mlima. Mama akapandishwa behewa la mwisho pamoja na mama mdogo. Baba, kofia imekaa upande, akachukua mfuko kwenye msumari akakimbia nao hadi mbele. Dereva alikuwa Bwana Hatibu, mtu wa Tanga, mwenye maneno mengi na mkono mzito. Akaufungua mfuko kama kawaida ili asome. Akauchungulia. Akaugeuza juu chini.

"Masta," akasema, "mfuko huu una upepo."

Uso wa baba ulibadilika. Nimeona watu wengi wakipokea habari za misiba tangu siku hiyo, ndiyo kazi niliyoitiwa, lakini sijauona tena uso ule. Akarudi ofisini mbio. Nikasikia vitu vikianguka, droo, kiti, vitabu. Mzee Sifueli alikuwa amepiga magoti kwenye tope kati ya mataruma, akipapasa madimbwi kwa mikono. Baba akapiga simu stesheni ya mbele, wakamwambia asubiri mpaka wakubwa wa Moshi watoe ruhusa, na wakubwa walikuwa hawajapatikana.

Abiria wakaanza kutoa vichwa madirishani.

"Masta, umeiuza?"

"Wenye ndizi leteni, leo tunalala hapa!"

"Mkagueni tumbo, huenda kaimeza!"

Wakacheka. Kisha sauti ya mama ikatoka behewa la mwisho, na kicheko kikakatika kama uzi.

Mama mdogo Anna akaruka chini, kanga imelowa, akamfuata baba mbele ya kichwa cha treni. "Shemeji, mwambie aende tu! Umepiga kengele, wamekujibu, njia si nyeupe?"

"Sijui tena kama ni nyeupe, Anna. Watu wa kiberenge, mafundi wa njia, wametoka kwenda upande huo. Kama wameibeba wao, masta wa kule ameshairudisha kwenye mashine na kuitoa nyingine. Kuna treni ya mizigo inayosubiri kutoka kule."

"Dada yangu anakufa!"

"Namsikia. Namsikia kuliko wewe." Sauti ya baba ilikuwa ndogo. "Siwezi kutoa njia ambayo siyo yangu kuitoa. Humu ndani kuna wake za watu pia."

Bwana Hatibu akafuta mikono kwenye kitambaa, polepole. Alikuwa ameacha utani. "Mimi nakuonea huruma, Masta, wallahi. Lakini kama haipo kwako ipo kwa mtu. Na aliye nayo ndiye mwenye njia. Mimi sisogei hata shubiri."

Nilikuwa nimesimama chini ya tangi la maji, na nilikuwa mwenye njia. Nilielewa hilo kabisa. Kichwa kile chote cha chuma, mabehewa yale yote, watu wale wote walikuwa wamefungwa kwa kitu nilichokiweka chini ya kuku. Nilitarajia kufurahi. Badala yake nilihisi mkojo wa moto ukishuka miguuni.

Mama mdogo alikuja bombani kuchota maji, akaniona. Hakushangaa kwamba nimelowa, maana kila mtu alikuwa amelowa kwa mvua. Akaninyanyua kidevu.

"Usilie, mwanangu. Tukifika Moshi daktari atampasua, watapona wote wawili. Wengi wanapona."

"Mama yake Ndeshi hakupona."

"Mama yake Ndeshi alichelewa. Walimpeleka amechelewa." Akatazama treni iliyosimama, akasema kama anayejiambia mwenyewe, "Kama sisi sasa." Akaondoka na ndoo.

Mpaka leo, nikiulizwa kuzimu ni nini, siwazi moto. Nawaza nafasi ile chini ya tangi, maji baridi yakinidondokea shingoni, na maneno yale yakizama. Treni haikuwa inaua watu. Kuchelewa ndiko kulikoua, na aliyechelewesha ni mimi. Ilibidi niseme. Nilifungua mdomo, ukajaa hewa tu. Baba alikuwa ameshasema kwamba damu itadaiwa kwa aliyeigusa. Baba, niliyemjua kwamba hawezi kutoa njia hata kwa mkewe, angeniacha mimi? Angenishika mkono na kunikabidhi, kama anavyokabidhi tokeni, na kunisomea jina langu kwa sauti. Nikataka kukimbilia bandani niirudishe kwa siri, lakini Mzee Sifueli alikuwa ameanza kutafuta upande ule ule, ameinama, akifunua mabati.

Nikapiga magoti nyuma ya nguzo ya tangi. Nilijua sala ya Bwana na sala ya chakula. Nikazisema zote mbili, haraka, kisha nikasema yangu: Mungu, itoe wewe. Mimi siwezi. Ukiitoa nitakutumikia maisha yangu yote. Nikarudia bila kufumbua macho. Sijui ni mara ngapi. Nilisikia kuku akilalamika mahali fulani karibu, nikasikia hatua kwenye tope, nikazidi kubana macho.

Halafu honi ikalia. Nikafumbua. Bendera ya kijani ilikuwa juu. Magurudumu yakaguna, behewa moja likavuta jingine, na shuka jeupe likapita dirishani likielekea Moshi.

Nilikimbia bandani. Kuku mwekundu alikuwa nje, amejitunisha, anazunguka kwa hasira. Kiotani mayai yalikuwepo, moja limevunjika. Tokeni haikuwepo. Nilisimama pale nikiogopa kuliko mwanzo. Nilikuwa nimeomba, na mkono usioonekana ulikuwa umeingia chini ya kuku wetu. Nilitazama lile yai lililovunjika, nikawaza kwamba kumbe hata malaika huwa na haraka.

Jioni ile baba alinawa mikono muda mrefu. Tulikula ndizi zilizopoa, sisi wawili. Alisema jambo moja tu: "Kuku amerudi kwenye mayai yake." Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Tulipofika "utusamehe makosa yetu" katika sala, sauti yake ilikwama kidogo, nikadhani anamwaza mama.

Siku ya tatu simu ililia kutoka Moshi. Wote wawili wazima. Baba alikaa chini kwenye sakafu ya ofisi akiwa amevaa kofia yake. Na wiki chache baadaye ilikuja barua, na kofia ikaondoka. Masta aliyesahau mahali alipoweka tokeni hawezi kuwa masta. Walimpeleka Arusha kwenye ghala la mizigo, kuandika idadi ya magunia, na huko alikaa mpaka alipostaafu. Tulihama kota. Mama aliacha maua yake. Watu waliokuwa wakimwita Masta wakaanza kumwita Baba Elirehema, wengine kwa upole, wengine kwa makusudi.

Mimi nilitimiza ahadi. Nilisoma, nikawa mtumishi, nikafundisha watoto wa kipaimara kuanzia Olmotonyi mpaka mjini. Na kila kundi nililolifundisha nililipa ushuhuda wangu: kwamba nilipokuwa mdogo kitu cha baba kilipotea, nikaomba, na Mungu akakirudisha. Watoto walifungua macho. Sikuwaambia nani alikipoteza. Juu ya imani hiyo nimejenga maisha yangu, na chini yake kulikuwa na baba akibeba aibu yangu, bila kujua, nilivyodhani, ni ya nani. Alikufa nikiwa nimemshika mkono. Hata hapo nilimwimbia wimbo tu.

Kwa hiyo nilipoipokea tokeni ile Tanga, yenye majina yale yale mawili, na Elirehema akatangaza kwa furaha, "Ndugu zangu, dada yangu atawaeleza jinsi treni ilivyonisubiri," nilijua kwamba nikisema uongo mara hii sitapata nafasi nyingine. Niliogopa wale wageni, niliogopa kamera, na zaidi ya wote nilimwogopa mdogo wangu, aliyekuwa akitabasamu.

"Haikumsubiri yeye," nikasema. "Niliiba tokeni mimi. Niliificha chini ya kuku."

Nikaeleza yote, kama nilivyoeleza hapa, mpaka yai. Nikamaliza kwa kusema kwamba malaika aliichukua na kuirudisha, na kwamba baba aliadhibiwa kwa kosa ambalo hakulijua. Hakuna aliyepiga makofi. Elirehema alikuwa ametazama sakafu.

Nyuma kabisa, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kiua akainua fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu kwa mazoea, kisha nikaona kwamba ananizidi umri, nikaona aibu. "Samahani, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Nilikutania, nikuone kama bado una pumzi." Watu wakacheka kidogo. "Mimi naitwa Rajabu. Siku hiyo nilikuwa fayamani wa Hatibu, mtunza moto wake. Sasa nikuulize, mwanangu. Nani aliyekwambia ni malaika?"

Akaishusha fimbo yake, akaendelea.

"Baba yako alikuwa amesimama na sisi pale mbele, amechoka kutafuta. Mara akapita kuku mwekundu kwenye jukwaa la abiria, analalamika, manyoya yamesimama. Baba yako akamtazama. Akasema, 'Huyu analalia mayai. Kwa nini ametoka?' Basi. Akaondoka mbio kuelekea mabanda. Aliporudi akampa Hatibu ile tokeni, imepakaa kiini cha yai na unyoya umeganda juu yake. Hatibu akaishika kwa vidole viwili, akamwuliza, 'Masta, hii imetagwa leo?'"

Banda zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko.

"Baba yako hakucheka. Akaifuta kwa leso. Hatibu akamwambia, 'Nitaandika nini kwenye taarifa? Huyu ni mtoto wako kachezea.' Akasema, 'Andika nilisahau nilipoiweka.' 'Masta, utapoteza kazi.' 'Nitapoteza.' Hatibu akakasirika, akamwambia basi angalau kamwite huyo mtoto umchape, ajue alichofanya. Na hilo jibu sijalisahau, maana mimi si Mkristo lakini lilinikaa. Alisema, 'Nimempita nyuma ya tangi la maji. Amepiga magoti anamwomba Mungu. Mimi ni nani nimkatize?'"

Hatua zile kwenye tope. Nilikuwa nimezisikia, nikabana macho.

Nimekaa na maneno hayo tangu nirudi Arusha. Sitaficha kwamba yameniuma. Laiti angeniinua, akaniambia najua, tungebeba wawili. Labda aliogopa kama nilivyoogopa mimi, kwamba akifungua mdomo nitavunjika. Baba ambaye hakuweza kusema uongo mmoja wa kumwokoa mkewe, aliweza kuusema wa kumwokoa binti yake, naye akaulipa kila siku kwa kuandika magunia. Watoto wangu wa kipaimara ni watu wazima sasa, na wanaonitembelea ninawasahihishia ushuhuda mmoja mmoja. Nawaambia nilimwomba Mungu, akajibu, na mkono alioutumia ulikuwa na kiini cha yai.

Lakini pale Tanga sikuyawaza hayo. Niliwaza mtu mmoja. Elirehema aliinuka kitini, akaja mpaka mbele yangu. Mdogo wangu ana miguu ya baba, anatembea kama anakagua njia.

"Kwa hiyo dada, miaka yote hii treni haikunisubiri mimi."

"Haikukusubiri."

"Ilimsubiri kuku."

"Ilimsubiri kuku, mdogo wangu."

Kidevu chake kilikuwa kinacheza. Akanyoosha mkono, kiganja juu, nami nikaweka tokeni ndani yake. Akaisogeza karibu na miwani. Akasoma kwa sauti jina la kwanza. Akasoma jina la pili. Akanitazama.

"Sawa, dada," akasema. "Njia nyeupe."